James Cotton alikopi au hakukopi? Jibu kwa mpiga harmonika ambaye koo limemgomea

Swali lililonifikia ni hili: "Shikamoo mwalimu. Napiga harmonika na kuimba kwenye bendi yetu ndogo, mwaka wa pili sasa. Nina maswali mawili. Wenzangu wanasema lazima nikariri solo za Little Walter noti kwa noti, bila hivyo sitakuwa mpiga blues wa maana, ila mimi nampenda zaidi James Cotton na nasikia yeye hakuiga mtu, ni kweli? La pili, daktari amenikataza kuimba kwa miezi kadhaa, koo lina shida, na bendi inataka kuleta mwimbaji. Nasikia Cotton naye alipoteza sauti. Mpiga harmonika asiyeimba ana nafasi gani, au ndo nimekwisha?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa koo. Hujakwisha, hilo naliweka mbele kabisa ili leo ulale vizuri. Na huyo Cotton uliyemtaja, mpiga harmonika na mwimbaji wa blues wa Marekani, anafaa kukujibu kuliko mimi, maana maswali yako yote mawili yalimkuta yeye mwenyewe, la kwanza akiwa na miaka 19 na la pili akikaribia 60.

Ila hiyo habari kwamba hakuiga mtu, hapana. Cotton aliiga, tena aliiga sana, na aliwaiga wapigaji wawili wakubwa kuliko wote wa zama zake, mmoja baada ya mwingine. Cha kujifunza kwake ni alichukua nini kwa kila mmoja na aliishia wapi.

Alizaliwa tarehe 1 Julai 1935 kule Tunica, Mississippi, nchi ya mashamba ya pamba. Mama yake alikuwa anapiga harmonika ila alikuwa na vitu viwili tu, mlio wa kuku na mlio wa treni, na mtoto akakua akiamini harmonika kazi yake ni hiyo basi. Kilichomfungua masikio ni redio. Ng'ambo ya mto, Helena upande wa Arkansas, kulikuwa na stesheni inaitwa KFFA, na kuanzia Novemba 1941 walikuwa na kipindi cha mchana cha robo saa, King Biscuit Time, kinadhaminiwa na watu wa unga wa ngano, na mpigaji wake alikuwa Sonny Boy Williamson. Huyu ni Sonny Boy wa pili, jina lake hasa Aleck Miller, aliyejiita Sonny Boy wakati Sonny Boy wa kwanza, John Lee Williamson wa Chicago, bado yuko hai na anarekodi. Mtoto akasikia kwamba kumbe harmonika inaweza kusema maneno, kulia, kugomba, kubembeleza. Akakaa na ule wimbo wa kufungulia kipindi mpaka akaujua wote, halafu mjomba wake akampeleka Helena kwa Sonny Boy mwenyewe, akampigia kilekile alichomsikia akipiga redioni.

Utasoma sehemu nyingi kwamba Cotton alimwambia Sonny Boy kuwa ni yatima na mzee akamchukua akamlea kama mwanae. Cotton mwenyewe alisimulia hivyo kwa miaka mingi, kisha uzeeni akasema haikuwa hivyo. Nakuambia mapema kwa sababu stori hiyo inarudiwa mno, na bila yenyewe habari inabaki nzuri vilevile: alikuwa mwanafunzi wa Sonny Boy kweli, anazunguka naye kwenye vilabu vya pombe na dansi vya kule mashambani, na kwa kuwa alikuwa mdogo hawezi kuruhusiwa ndani alikuwa anapiga nje kwenye ngazi, watu wanaingia na kutoka wanamtupia chochote, na mzee yuko ndani na bendi.

Sasa Sonny Boy hakuwa mtu wa noti nyingi. Msikilize vizuri utaona anaimba mstari, anapeleka harmonika mdomoni, anajijibu mwenyewe kwa noti tatu nne, anarudi kuimba, na mara nyingine hujui sentensi imeishia kwenye sauti au imeishia kwenye harmonika. Mikono yake inafungua na kufunga kama mdomo wa pili. Hicho ndo Cotton alichokichukua kwake, na nakuomba ukishike hapo, maana nitakirudia tukifika kwenye koo lako.

Sonny Boy alipoondoka kwenda Milwaukee kwa mkewe, karibu 1950, alimwachia Cotton bendi nzima. Haikudumu. Cotton alisema wazi kwamba alikuwa mdogo na kichwa maji, na wenzake wote ni watu wazima waliomzidi mbali. Akaingia kwenye bendi ya mwimbaji wa blues Howlin' Wolf, akapata kipindi chake cha redio pale KWEM West Memphis, na 1953 na 1954 akarekodi kwa Sam Phillips wa Sun Records, studio ileile ambayo Elvis Presley naye aliianzia. Tafuta "Cotton Crop Blues" ya 1954 uisikilize. Utashangaa kwa sababu kinachokupiga usoni ni sauti ya kijana inayoimba kwa nguvu zote na gitaa la Pat Hare linalokwaruza vibaya mno, yaani miaka kumi kabla ya vijana wa rock kudhani wamegundua kitu hicho. Kwa hiyo mtu unayemjua kama gwiji wa harmonika alijitambulisha kwenye santuri kama mwimbaji kwanza. Na bado hela haikutosha, mchana alikuwa anaendesha lori.

Hapo ndo Muddy Waters, mwimbaji na mpiga gitaa mkubwa wa blues wa Chicago, anapoingia, na swali lako la kwanza nalo linaingia.

Ili uelewe alichokutana nacho lazima umwelewe Little Walter. Jina lake Marion Walter Jacobs, mtoto wa Louisiana, alifika Chicago katikati ya miaka ya 40 akawa anapiga barabarani kwenye soko la Maxwell Street, 1948 akawa na Muddy. Walter alipenda mno saksafoni ya Louis Jordan na akataka harmonika itembee hivyo, mistari mirefu inayoruka, na akafanya kitu ambacho leo kila mtu anafanya: akashika maiki ndogo ya bei rahisi pamoja na harmonika ndani ya viganja, akafunga mikono, akaipeleka kwenye amplifaya ya gitaa. Sauti iliyotoka haikuwa harmonika kubwa zaidi, ilikuwa chombo kingine. Tarehe 12 Mei 1952, mwishoni mwa siku ya kurekodi ya Muddy pale kwa kina Chess, kampuni ya santuri ya Chicago, wakapiga "Juke", haina maneno kabisa, na ikakaa namba moja kwenye chati ya R&B ya Billboard kwa wiki 8. Hakuna kipande kingine cha harmonika kisicho na maneno kilichowahi kufika namba moja kwenye chati ile. Walter akaondoka akawa na bendi yake. Mimi namwona ndiye mgunduzi mkubwa kuliko wote kwenye chombo hiki, sina mjadala na mtu kwenye hilo, kwa hiyo wenzako hawakosei kukuelekeza kwake.

Kiti chake kwa Muddy kikawa cha moto. Junior Wells alikikalia, Henry Strong alikikalia, George Smith alikikalia, yote hayo ndani ya miaka miwili na kitu. Mwishoni mwa 1954 Muddy yuko upande wa Memphis, hana mpiga harmonika, anaambiwa kuna kijana pale anapiga na kuimba. Ndo Cotton kuchukuliwa.

Na alichokikuta ni kigumu kuliko watu wanavyosimulia. Ni kama mwimbaji mpya anayeingia bendi ya dansi akakuta ukumbi mzima unadai nyimbo za yule aliyehama, na unazitaka kama alivyoziimba yeye. Muddy alitaka aisikie harmonika ya Walter kila usiku kwa sababu nyimbo zenyewe zilikuwa zimejengwa juu yake. Sasa ongeza na hili: siku ya kurekodi ikifika, kampuni ya Chess ilikuwa inamwita Walter mwenyewe, mpaka kufika karibu 1958. Yaani Cotton anasafiri na bendi, analala kwenye gari, anapiga "Hoochie Coochie Man" miji yote, halafu santuri mpya ikitoka aliyepiga ndani ni mtu mwingine, na yeye anatakiwa aisikilize ile santuri ili ajue kesho apige nini. Hebu fikiria mtu anavumilia hilo miaka mitatu minne, na umri wake ni ishirini na kidogo.

Alifanya nini? Alikariri. Alikaa na santuri za Walter akazijua, kwa sababu hiyo ilikuwa kazi na kazi ina heshima yake, mwenye bendi kalipa anataka kitu fulani unampa. Ila alipokwisha kuzijua alimwambia Muddy waziwazi kwamba yeye hatakuwa Little Walter hata siku moja, apewe nafasi awe yeye. Angalia mpangilio huo, mdogo wangu. Hakusema hivyo siku ya kwanza ili kukwepa kazi ya kujifunza. Alisema akiwa tayari ameweza. Muddy akakubali, na Muddy alikuwa na sikio, angejua kama ni uvivu.

Matokeo yake yapo, yamerekodiwa, na picha zake zipo. Tarehe 3 Julai 1960, tamasha la jazz la Newport, Rhode Island. Bendi ni Otis Spann kwenye piano, Pat Hare yuleyule wa Memphis kwenye gitaa, Andrew Stephens besi, Francis Clay drams, na Cotton ana miaka 25 kamili na siku mbili. Wakifika "Got My Mojo Working" Muddy anamshika wanacheza pale jukwaani. Achana na dansi kwanza, sikiliza harmonika. Mistari mirefu ya saksafoni haipo kwa wingi. Kuna treni ya mama yake mle ndani, kuna yale majibu mafupi ya Sonny Boy kila Muddy anapofunga mdomo, na kuna ule uzito wa sauti aliojifunza kwa kusikiliza Walter. Ni mtu mmoja tayari. Albamu ya siku hiyo ilitoka mwaka uleule na imewafundisha blues watoto wengi wa Uingereza ambao baadaye walikuja kuwa matajiri kwa muziki huo.

Kwa hiyo swali la kwanza najibu hivi: kariri, lakini chagua cha kukariri. Ukikariri noti peke yake utapata noti. Kariri pumzi. Na hapa naomba nikueleze kwa kirefu kidogo, maana ndo sehemu ambayo walimu wengi wanairuka na ndiyo itakayokusaidia na koo pia.

Unajua harmonika ya kawaida ina matundu 10, kila tundu lina sauti moja ukipuliza na nyingine ukivuta, ndani kuna vilimi 20 vya shaba. Wapiga blues hatupigi kwenye ki (key), yaani ufunguo wa sauti, iliyoandikwa juu ya harmonika, bendi ikiwa kwenye E tunashika harmonika ya A, hiyo ndo pozisheni ya pili, na tunafanya hivyo kwa sababu pale noti za msingi za blues zinaangukia upande wa kuvuta, na matundu ya chini ukiyavuta unaweza kuyapinda yakalia. Kwa hiyo blues kwenye harmonika kwa sehemu kubwa ni muziki wa kuingiza hewa. Sasa mwimbaji anafanya nini? Anatoa hewa. Umeona? Mtu anayeimba na kupiga, akimaliza mstari mapafu yake yako matupu, anaweka harmonika mdomoni, anavuta, na kule kuvuta kwenyewe ndo jibu la mstari aliouimba. Anatoa hewa kwa maneno, anaingiza hewa kwa harmonika. Sentensi haikatiki. Ile nafasi ya Sonny Boy kati ya mstari na jibu inasikika ya kawaida namna ile kwa sababu ni mtu anapumua tu, na Cotton aliipata kwake akiwa mtoto, kwa hiyo hata alipokuwa anapiga mistari ya Walter alikuwa anaipumua kama mwimbaji. Ukimsikiliza hivyo utamtambua hata ukiwa umefumba macho.

Haya, tuje kwenye koo.

Cotton alikaa na Muddy mpaka 1966, miaka kama 12, kisha akaanzisha bendi yake. Mwaka uleule kampuni ya santuri ya Vanguard wakatoa zile albamu tatu za wanamuziki wa Chicago alizozisimamia Samuel Charters na yeye yumo. Akawa anapiga kwenye kumbi za vijana wa rock, akizunguka na mwimbaji wa rock Janis Joplin, na shoo zake zilikuwa za nguvu kweli, anaruka sarakasi jukwaani, anatoka jasho mpaka suti inalowa, na anaimba kwa kufoka usiku mpaka usiku. Miaka ya 70 alikuwa na Matt "Guitar" Murphy, na albamu yao ya 1974, 100% Cotton, kwangu mimi ndo bendi yake bora kuliko zote, ile boogie inakwenda haraka na bado hakuna anayemkanyaga mwenzake. Mwishoni mwa 1976 mpiga gitaa Johnny Winter akamrudisha studio na Muddy kwa ajili ya Hard Again, iliyotoka 1977 ikachukua Grammy, na safari hii hakuna aliyeitwa kuja kukaa kwenye kiti chake. Naipenda sana habari hiyo, miaka ishirini baada ya kuambiwa santuri si zako, harmonika ya albamu iliyomrudisha Muddy juu ni yake.

Halafu katikati ya miaka ya 90 akapata saratani ya koo. Akatibiwa, akapona ugonjwa, sauti haikurudi. Alichokuwa nacho ni mkwaruzo. Na angalia kilichofuata: 1996 akatoa Deep in the Blues, watu wanne tu, Joe Louis Walker kwenye gitaa, Charlie Haden wa jazz kwenye besi, David Maxwell kwenye piano, na yeye. Hakuna drams, hakuna kelele, anaimba kwa sauti ile iliyochakaa na Walker anasaidia, na ndo albamu iliyompa Grammy yake. Baada ya hapo akaendelea miaka mingine 20. Aliajiri waimbaji. Giant ya 2010 wanaimba wengine, Cotton Mouth Man ya 2013 sehemu kubwa anaimba Darrell Nulisch na wageni kama Gregg Allman, Keb' Mo' na Ruthie Foster, na bado nyimbo nyingi mle zimetungwa kutokana na maisha yake, na jina juu ya jalada ni lake. Wimbo mmoja tu aliimba mwenyewe, unaitwa "Bonnie Blue", jina la shamba alikozaliwa. Alifariki tarehe 16 Machi 2017, Austin, Texas, kwa nimonia, umri miaka 81.

Ukimsikiliza Cotton asiyeimba utaona kitu kimebadilika. Mimi naona alirudi kwa Sonny Boy. Noti zimepungua, nafasi zimeongezeka, na harmonika imechukua kazi ambayo zamani ilikuwa ya koo, anajibu, anakatiza, anaguna. Angekuwa mtu wa kukariri solo peke yake asingekuwa na cha kurudia. Kwa kuwa tangu mwanzo harmonika yake ilikuwa nusu ya uimbaji, nusu moja ilipokatika ile nyingine iliendelea kuongea.

Sasa wewe. Lako si saratani, ni kupumzisha koo miezi kadhaa, usijitie hofu ya mtu mwingine. Lakini kuna mambo lazima uyafanye.

Kwanza rudi kwa daktari umuulize kama kupiga harmonika nako kunaruhusiwa, na umwoneshe kabisa unavyopiga, maana wengi wakisikia harmonika wanafikiri ni kupuliza tu kwa midomo. Kuna vitu tunafanya vinagusa koo. Ule mtetemo wa kooni, unaokata hewa pole pole ili noti itetemeke, unafanyika hapohapo sauti inapotengenezwa, kwa hiyo uache mpaka upone. Tetemesha kwa mikono, fungua funga, kama Sonny Boy. Kupinda noti kunafanywa zaidi na ulimi na nafasi ya ndani ya mdomo, ukiona unapinda kwa kukaza koo ujue unapinda vibaya hata kabla ya ugonjwa, na huu ndo muda wa kurekebisha. Pia usifanye zile sauti za kuguna ndani ya harmonika, huko ni kuimba kwa mlango wa nyuma.

La pili litakushangaza jukwaani usipojiandaa. Ulikuwa unaimba ndo unapiga, mapafu yanajimaliza kwenye mstari kisha unavuta. Sasa mwimbaji ni mwingine, wewe umesimama umejaa hewa, zamu yako inafika, unavuta tundu la pili na baada ya bar mbili, yaani vipimo viwili vya mapigo, huna pa kuweka hewa. Utahisi unakosa pumzi kumbe pumzi imezidi. Dawa yake ni hii: mwimbaji akiwa anaimba, wewe toa hewa pole pole kimya kimya kufuata mstari wake, kana kwamba unaimba naye bila sauti, naye akimaliza na wewe umekwisha, vuta. Na katikati ya solo achia hewa kwa pua kila unapopata nafasi. Fanya hivyo nyumbani na rekodi yoyote ya Muddy na Cotton, usipige noti hata moja, pumua tu mpaka mwili uzoee.

La tatu, na hapa wenzako wanapata ushindi wao, huu ndo wakati wako wa kukaa na Little Walter. Sikwambii kwa sababu ni sheria ya blues. Ni kwa sababu yule bwana aliiachia maiki na amplifaya zifanye kazi nzito, huhitaji kupuliza kwa nguvu kama Cotton wa Newport, unashika maiki vizuri, unaziba viganja visivuje, na unavuta kidogo tu sauti inajaa. Koo lako linahitaji hivyo sasa hivi. Anza na "Juke" zile bar 12 za mwanzo, uzipige taratibu kuliko rekodi, halafu "Sad Hours" ujifunze kukaa kwenye noti moja, halafu "Blues with a Feeling" ambako anaimba na kupiga, usikilize anavyogawa. Usikimbilie zile za kasi. Na usizipeleke jukwaani zote noti kwa noti, peleka mbili ambazo zimeshakaa mwilini.

Kuhusu mwimbaji wa bendi, mchagueni pamoja, na wewe uwepo. Sauti nzuri peke yake haitoshi, mtafuteni anayejua kunyamaza. Mjaribuni kwa wimbo wa taratibu, mwambieni aimbe mstari kisha asubiri, ukiona anajaza kila nafasi kwa madoido huyo atakuua wewe hata kama watu wanampigia makofi. Muddy alikuwa akimaliza mstari anakaa, na pale alipokaa ndo Cotton alipatia jina. Na lizungumzeni mapema, kabla ya shoo ya kwanza, nani anapanga nyimbo, jina la bendi linabaki la nani, na wewe ukipona unarudi kuimba nyimbo zipi, kwa sababu mambo haya yakiachwa yakajipanga yenyewe ndo yanayovunja bendi. Bendi ya Cotton iliimbiwa na watu wengine miaka mingi na bado ilikuwa bendi ya Cotton, hilo waambie kama watakuuliza mpiga harmonika asiyeimba anaongoza vipi.

Daktari akikuruhusu kuimba tena usirudi na nyimbo kumi. Anza na mmoja kwa shoo, ki ya chini kuliko uliyozoea, hata kama itakubidi ununue harmonika nyingine kwa ajili yake, kwa mfano kama ulikuwa unaimba kwenye A kwa harmonika ya D, shuka mpaka G ushike ya C, ambayo bila shaka unayo. Ukikwama kwenye zile bar 12 za "Juke" niandikie tena, unitajie harmonika ni ya ki gani na unakwama tundu la ngapi, kuvuta au kupuliza, nitakujibu.